Historia ya Labibe Touma, Umm Ghattas, na Mbwa Aliyeitwa Simsim

Wapendwa mliofika kanisani leo Jumamosi, Padri Jirjis, jirani zetu wa Ayn Zibda, na nyote mliopanda mlima huu katika matope ya Februari ili mtusaidie kumzika mama, familia imenituma mimi, Rizq, mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu, niwasomee habari za maisha yake. Karatasi hizi niliziandika jana mchana pamoja na watoto wake wawili, Ghattas na Nuhad, mezani jikoni kwake, na wamenikataza kuongeza neno au kuruka neno, hata pale nitakapoona haya kusoma.

Labibe Touma alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, hapa hapa Ayn Zibda, katika nyumba iliyo juu ya chemchemi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Touma, aliyekuwa mkamuaji wa zeituni katika kinu cha kijiji, na marehemu Mariam, aliyefuga kuku nyuma ya nyumba kama walivyofuga wanawake wote wa mlima huu. Alibatizwa katika kanisa hili mwezi Mei mwaka huo huo, na wazee wachache waliobaki wanakumbuka kwamba alilia tangu alipoingia mlangoni mpaka alipotoka.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma katika shule ya watawa ya mtaa wa chini kuanzia mwaka 1957 hadi 1965, akawa hodari wa hesabu na mwandiko, lakini alipofika umri wa miaka kumi na minne mama yake alipooza miguu, ikabidi mmoja wa watoto abaki nyumbani, naye ndiye aliyechaguliwa, kwa kuwa kaka zake walikuwa wavulana na dada zake walikuwa wadogo. Hakulalamika mbele ya mtu, ila watoto wake wanakumbuka kwamba kila Septemba alikuwa akiyafunika madaftari yao kwa karatasi ya rangi kwa mikono yake mwenyewe, polepole sana, na hakuruhusu mtu amsaidie.

Mwaka 1969, dada zake walipokua na kuweza kumhudumia mama yao, alianza kazi ya kushona sare za shule katika karakana moja mjini Tripoli, akishuka alfajiri na kupanda jioni, mpaka mwaka 1975 vita vilipofunga barabara na karakana ikafungwa nayo. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kuku, na aliifanya kwa miaka hamsini bila kukosa siku moja isipokuwa siku za kuzaa na siku za kuzika.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na mume wake, marehemu Fahim, Jumamosi moja ya kiangazi cha mwaka 1973, Fahim alipokuja kujenga ukuta wa mawe wa baba mkwe wake mtarajiwa, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua kuwa ni mkwe. Fahim alikuwa fundi mwashi na mwindaji wa kware, na hakwenda mahali bila mbwa wake, na mbwa huyo kabla ya saa nne asubuhi alikuwa amekwisha kumeza kifaranga mmoja. Labibe alitoka na ufagio mkononi.

"Mbwa wako kala kifaranga wangu."

"Nitakulipa, dada."

"Sitaki kulipwa. Mfunge."

"Nikimfunga atalia mchana kutwa."

"Basi kaa naye mlie wote wawili."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, si siku ya kazi, lakini Fahim alipanda mlima akiwa na vifaranga wawili ndani ya kofia yake, na tarehe 13 Oktoba 1974 walifunga ndoa mbele ya altare hii. Sharti la bibi harusi lilikuwa moja tu, kwamba ua wa nyuma ugawanywe, na Fahim akajenga ukuta mfupi wa mawe katikati, upande huu mbwa na upande ule kuku, ukuta ambao kijiji kizima kiliucheka kwa sababu mbwa aliweza kuuruka na kuku aliweza kuuruka, lakini ulimridhisha Labibe, na mbwa wa Fahim waliuheshimu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Ghattas, aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1977, na Nuhad, aliyezaliwa tarehe 5 Januari 1981. Waliwalea katika miaka ya vita, na mtakaokumbuka siku zile tatu za mwaka 1983 tulizojificha sote chini ya kinu cha zeituni mtakumbuka pia kwamba Umm Ghattas, yaani Mama Ghattas kama tulivyomwita, aliingia na makreti mawili ya kuku na mbwa wa mumewe, na watu wakamnung'unikia kwa harufu, mpaka ilipofika asubuhi ya pili mkate ukiwa umekwisha, na kuku wakawa wametaga mayai tisa, na watoto wote mle ndani wakala, nasi wakubwa hatukuitaja harufu tena.

Sasa wametuagiza tusome jambo la Simsim, ambalo wengi wenu hamlijui, na wanaolijua wanalijua nusu.

Mwezi Aprili mwaka 1990, Ghattas akiwa na miaka kumi na miwili, alirudi kutoka shule koti lake limevimba tumboni, na ndani yake mlikuwa na mtoto wa mbwa aliyemwokota katika kreti la machungwa kando ya barabara, rangi yake kama ufuta uliokaangwa, ndiyo sababu akamwita Simsim. Fahim alisema mbwa wa kuokota hawezi kuwinda, Labibe akasema mbwa wa kuokota hajui mipaka, na mtoto akasema, "Nitamfundisha mimi." Akamfundisha kweli. Simsim alimsindikiza hadi kituo cha basi kila asubuhi na kumpokea kila alasiri, na mchana jua likiwa kali aliruka ule ukuta mfupi akalala upande wa kuku, chini ya mtini, na kuku wakazoea kulala wakimwegemea mgongo. Labibe aliyaona hayo na hayakumpendeza, lakini aliyaacha kwa ajili ya mwanawe.

Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Novemba 1991, yapata saa tatu asubuhi, watoto wakiwa shuleni na Fahim akiwa nyumbani kwa sababu ya mvua, marehemu alirudi kutoka kwa mwoka mikate akakuta kuku saba wamekufa katika ua, baadhi yao wametobolewa shingo tu wala hawakuliwa, na miongoni mwao yule tetea wa madoa wa kizazi cha kuku wa mama yake, na katikati yao amesimama Simsim, manyoya mdomoni na kuku mmoja kati ya miguu yake ya mbele. Maneno aliyomwambia mume wake siku hiyo aliyakumbuka neno kwa neno mpaka wiki yake ya mwisho duniani.

"Chukua bunduki, Fahim."

"Tumngoje mtoto arudi."

"Ukimngoja mtoto hutaweza. Leo ni yeye au mimi katika nyumba hii."

Fahim alichukua kamba na bunduki akaenda na mbwa kwenye shamba la zeituni, naye Simsim alimfuata akitikisa mkia, kwa sababu alidhani hatimaye amechukuliwa kuwinda. Mlio ulisikika mara moja.

Ghattas alirudi saa nane na nusu. Hakuna aliyempokea kituoni, kwa hiyo alipoingia alikuwa amekwisha kushtuka.

"Simsim yuko wapi?"

Mama yake akasema, "Kaua kuku saba."

"Nimeuliza yuko wapi."

Fahim alitoka mbele, mtoto akamfuata hadi shambani, akaonyeshwa mahali. Hakulia mbele yao. Alisema neno moja tu, "Hamkuningoja," akaingia ndani akafanya kazi zake za shule.

Siku tisa baadaye, Jumatano tarehe 13 Novemba, yapata saa nne asubuhi, marehemu alisikia makelele ya kuku akakimbia na ufagio, na nyuma ya mtini, chini ya ukuta wa nje, akamwona nguchiro akivuta kuku kwa shingo. Mnyama alimwachia kuku akazama katika shimo lililokuwa pale chini ya mawe, na mdomoni mwa shimo mlikuwa na manyoya, mapya na ya zamani, na katika yale ya zamani aliyatambua manyoya ya tetea wa madoa. Alikaa chini pale pale alipokuwa, katika matope na kinyesi cha kuku, na miaka mingi baadaye alimwambia Nuhad kwamba hajui alikaa muda gani. Alielewa kwamba mbwa alikuwa amekuja kuwapigania kuku, na manyoya yale mdomoni aliyapata akimnyang'anya nguchiro. Kisha aliinuka, akachanganya saruji ya mume wake, akaliziba shimo kwa mawe na saruji kwa mikono mitupu, bila mwiko, kabla watoto hawajarudi.

Jioni alimwambia Fahim, naye Fahim akaweka kijiko chini.

"Usimwambie mtoto," alisema. "Akijua tulimuua bure hatatusamehe."

"Na asipojua?"

"Asipojua atasahau."

Wakakubaliana hivyo, na wote wawili walikubaliana kwa kumpenda.

Ghattas hakusahau, wala hakuwa mtoto mkaidi, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake kuliko yote, kwa sababu angekasirika angemkumbatia kwa nguvu, angetukana angempiga kofi kisha angelia naye, lakini mtoto alikuwa na adabu, adabu ile ya mgeni anayekunywa kahawa yake na kushukuru na kutazama saa. Hakuingia tena upande wa kuku, na yai la nyumbani kwao hakulila tena, akisema tu, "Asante mama, nimeshiba."

Alihama kwenda Montreal tarehe 18 Septemba 1996, akiwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ile mama yake alichemsha mayai sita, akayafunga katika kitambaa cheupe pamoja na chumvi na mkate, naye Ghattas aliyapokea kwa mikono miwili na kumbusu mama yake. Fahim alipomfikisha uwanja wa ndege na kurudi, alikuwa na kitambaa kile kile, kimefungwa vile vile, alikikuta kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alikiweka mezani. Marehemu alikula mayai yale yote sita peke yake kwa siku tatu, na alimkataza Nuhad kuyagusa.

Mwezi Januari uliofuata alimwendea mume wake akamwambia, "Vunja ule ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa katikati."

"Niliujenga kwa ajili yako, Labibe."

"Najua. Uvunje."

Kuanzia mwaka 1997 mbwa na kuku wa nyumba ile wameishi ua mmoja, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo nyote mnamkumbuka nayo. Mbwa aliyekuwa na tabia ya kukimbiza kuku, marehemu hakumpiga wala kumfokea, alimfunga kwa kamba kiunoni mwake mwenyewe, akashinda naye kutwa akilisha, akifagia banda, akiokota mayai, na alasiri alikaa kwenye kigoda na kuku mapajani, mbwa miguuni, akiwasemesha wote wawili kwa sauti ile ile, siku ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka mbwa akachoka kushangaa. Abu Nakhle, jirani yetu, ambaye yuko hapa na ataniwia radhi, alikuwa akisimama juu ya ukuta wake na kumtania.

"Umm Ghattas, eti mbwa wako akitaka yai anaomba ruhusa kwanza?"

"Anaomba. Wewe ndiye huombi."

Watu wakaanza kumletea mbwa waliokwisha kuhukumiwa. Wengine walitoka vijiji vya mbali, mwanamke mmoja alitoka pwani na mbwa aliyeua bata wanne, akasema, "Mume wangu keshatoa bunduki, nikamwambia ngoja kwanza nimpeleke kwa yule mama wa Ayn Zibda." Kila aliyekuja, marehemu alimuuliza maswali mawili kabla hajamkaribisha kahawa, umemwona kwa macho yako akiua, na je, umetafuta shimo. Na kama jibu ni hapana, alijifunga kitambaa kichwani, akapanda gari la mwenye mbwa, akaenda kwake, akazunguka ukuta wa nyumba ya watu kwa magoti, akipekua mawe na vichaka. Tulimcheka, nami nilikuwa mmoja wao, tukasema uzee umeanza mapema. Mara nyingi alilipata shimo. Akilipata alikuwa anaiita familia yote itoke nje ilione, watoto hasa, na alisema maneno yale yale kila mahali, "Mwonyesheni mwenye mbwa. Msizibe kabla hajaona." Hatukujua kwa nini. Sasa mnajua.

Fahim alifariki tarehe 30 Mei 2007 kwa ugonjwa wa mapafu, vumbi la mawe la miaka arobaini, na siku moja kabla ya kufa alimshika mke wake mkono akasema, "Mwambie." Ghattas alikuja mazishini kwa siku tano, nyumba imejaa watu, na marehemu alisema moyoni kwamba haifai kumzika baba na kumfukua mbwa katika wiki moja, akaahirisha.

Alikuja tena Agosti 2013 na mke wake na mabinti zake wawili wadogo, na mabinti wale walishinda uani na mbwa na kuku, wakakataa kuingia hata kula, kwa sababu kule kwao baba yao, ambaye ni fundi wa lifti na mtu mpole sana, hakuwahi kukubali mbwa ndani ya nyumba ingawa walimwomba kila Krismasi. Alasiri moja Ghattas alisimama mlangoni akiwatazama, mama yake akaja akasimama kando yake. Alikuwa amejiandaa wiki nzima.

"Ghattas, nina neno kuhusu Simsim."

Lilikuwa jina ambalo halikuwa limetajwa katika nyumba ile kwa miaka ishirini na miwili. Ghattas alisema, "Mama, yamepita hayo," akaenda bombani kuwachotea watoto maji. Marehemu alibaki mlangoni akimngoja arudi, na aliporudi alikuwa anazungumza na mke wake habari za safari ya pwani. Mama akaona kwamba mlango umefungwa na aliyeufunga ana haki, hakujaribu tena.

Katika miaka hii ya mwisho, maisha yalipotushinda wengi na umeme na dawa na mafuta vikakosekana, hakuna nyumba ya mtaa wa juu ambayo haikula yai la Umm Ghattas. Alizipitia mwenyewe na kikapu kilichotandikwa majani makavu, mbwa wake mweusi Filfil akimtangulia, akaweka mayai dirishani na kuondoka bila kubisha hodi, ili mtu asilazimike kushukuru.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuchoka mwezi Agosti mwaka jana, akasema ni joto. Mwezi Oktoba alianza kupungua na ngozi ikawa ya manjano, Nuhad akamshusha hospitali mjini, na tarehe 6 Novemba 2024 madaktari wakathibitisha saratani ya kongosho, iliyokwisha kufika kwenye ini. Alilazwa mara tatu, na mara ya tatu, katikati ya Januari, aliomba arudishwe nyumbani. Walimsogezea kitanda dirishani, upande wa ua, na Nuhad alilisha kuku kwa maelekezo yake kutoka ndani, na alikosolewa kila siku.

Jumapili tarehe 2 Februari, baada ya Nuhad kumbadilisha nguo, marehemu alimwambia afunge mlango na akae. Akamweleza yote niliyowasomea, kuku saba, bunduki, nguchiro, saruji, kijiko cha Fahim. Nuhad alikuwa na miaka kumi mwaka ule, na hakuwahi kujua.

"Ghattas anakuja tarehe kumi na tatu," marehemu alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Nikishindwa, umwambie wewe."

"Utamwambia mwenyewe, mama. Hata kwa simu, sasa hivi."

"Si kwa simu. Nataka anione uso nikisema."

Ghattas, alipoelezwa na daktari kwamba siku ni chache, alijaribu kuiwahisha safari, akapata ndege ya tarehe 8, na dhoruba ya theluji ikaifuta. Siku tatu za mwisho marehemu hakula, na kila gari lililopanda mlima alifumbua macho. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mikononi mwa binti yake, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka sabini na minne. Kuku walikuwa hawajafunguliwa bado, na Nuhad anasema kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka kuwafungulia.

Ghattas aliwasili Alhamisi jioni. Nuhad hakungoja avue koti, alimwambia yote wakiwa wamesimama jikoni, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kusahau. Alipomaliza, kaka yake alisema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nguchiro. Najua tangu siku ya pili."

Akamweleza kwamba Jumanne ile, tarehe 5 Novemba 1991, hakwenda shule, alipanda juu ya mtini akajificha mpaka saa sita, na kutoka juu alimwona nguchiro akitoka chini ya ukuta na kurudi. Alikuwa na miaka kumi na minne, aliamua asiseme, alitaka wazazi wake waligundue wenyewe na waje wamwambie. Wiki ya pili alirudi kutoka shule akakuta shimo limezibwa, saruji mbichi, na alama za vidole vya mama yake zimejaa juu yake.

"Nikajua kwamba amejua," alimwambia dada yake. "Nikakaa nangoja aniambie. Nilingoja chakula cha jioni kiishe. Halafu nikangoja kesho yake. Halafu nikazoea kungoja."

Nuhad akamuuliza kwa nini basi alimkatiza mwaka ule wa 2013.

"Alipotaja jina niliona nitalia mbele ya wanangu. Nikasema lililokuja mdomoni, nikaenda bombani. Nilifungua maji nikakaa pale nikitegemea atanifuata."

Alama zile za vidole bado zipo nyuma ya mtini. Jana asubuhi walikwenda wote wawili wakaziona, na ndipo wakaamua kwamba historia ya mama yao isisomwe bila jambo hili, kwa kuwa alilibeba miaka thelathini na mitatu, na alilibeba mbele ya macho yetu.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, kuku kumi na wanane na mbwa wanne, na wanyama hawa watabaki mahali walipo, kwani Nuhad amehamia katika nyumba ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi aliyepanda mlima kila baada ya siku moja kwa wiki nne na kukataa kulipwa nauli. Inamshukuru Padri Jirjis kwa kumletea komunyo, Abu Nakhle na mke wake waliofungua milango yao kwa wageni, vijana wa mtaa wa juu waliochimba kaburi katika mvua, wafanyakazi wenzake Ghattas waliomchangia tiketi, na mwoka mikate ambaye tangu Jumanne hajaruhusu nyumba ile inunue mkate. Kama kuna tuliyemsahau, atusamehe, vichwa vyetu havipo.

Karatasi ya mwisho ina mwandiko wa Ghattas peke yake. Aliomba aisome mwenyewe, na dakika hii ameniashiria kwamba hawezi, kwa hiyo namsomea.

"Mama, nilijua. Sikukukasirikia kwa ajili ya Simsim, maana ulikuwa na kuku saba wamekufa mbele yako, na mtu yeyote angesema ulilosema. Nilikasirika kwa sababu ulinyamaza, kisha na mimi nikanyamaza kama wewe, kwa hiyo hatudaiani. Nilikusamehe zamani sana, nilikuwa naona haya kukuambia kabla hujaniomba. Uliyotaka kuniambia, Nuhad ameniambia, na nimeyasikia kwa sauti yako. Uso wako nimeuona juzi nilipopitia chumba cha maiti hospitalini, nao haukuwa na wasiwasi. Nisamehe siku mbili hizi, na nisamehe na zile nyingine zote."

Labibe binti Touma, Umm Ghattas, mama yetu, mwanao amefika. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.